Barua ya kuomba kusoma siasa chuo kikuu: namna ya kuiandika ukiwa Mombasa

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, hodi za jioni huzidi nyumbani kwangu. Kijana huvua viatu mlangoni, husalimu, hukaa ukingoni mwa kiti, kisha hutoa simu mfukoni. "Mwalimu, naomba unisomee hii." Huwa ni barua ya kujieleza. Anaomba nafasi ya kusoma sayansi ya siasa, au udhamini wa kuisomea, na ameulizwa swali moja fupi: kwa nini unataka kusoma somo hili?

Nafundisha Historia na Serikali, na barua hizi nimezisoma nyingi. Karibu zote hufunguliwa kwa ufunguo mmoja: "Tangu utotoni nimekuwa na ari ya kuwa kiongozi na kuleta mabadiliko katika jamii yangu." Lifute jina lililo juu, na huwezi kujua kama aliyeandika anatoka Jomvu, Garissa au Kisumu. Hilo huniuma, kwa sababu kijana mwenyewe, tukikaa tukazungumza, huwa ana mambo mazito kichwani. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo ndiyo barua.

Basi haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio ninaowapitisha.

Hatua ya kwanza: hakikisha kuna mtu wa kuisoma

Ukiomba nafasi ya shahada kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, hakuna barua ya kujieleza. Mfumo unaangalia gredi yako ya wastani, ambayo kwa shahada lazima iwe C+ au zaidi, pamoja na pointi zako za klasta, yaani za masomo yanayohusiana na kozi unayoiomba. Nimewahi kumwona kijana amekesha siku mbili akiandika kurasa ambazo hakuna mahali pa kuzipeleka.

Barua inahitajika kwingineko: vyuo vinavyopokea maombi moja kwa moja, wafadhili wengi, na vyuo vya nje. Soma maagizo yao kabla hujaandika neno. Wanaoomba Uingereza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, na tangu maombi ya wanaoanza masomo 2026 barua ile ndefu ya zamani imegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka kusoma somo hili, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Majibu yote matatu kwa jumla yasizidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Maelezo hayo hayo huenda kwenye vyuo vyote unavyoomba, hadi vitano, kwa hivyo usikisifu chuo kimoja kwa jina.

Hata kama huendi Uingereza, maswali hayo matatu yashike. Mfadhili yeyote wa hapa anataka kujua mambo hayo hayo, hata akiyauliza kwa maneno mengine.

Hatua ya pili: tafuta swali lako

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nataka ukae sana.

Anayesoma barua yako haulizi kama unapenda siasa. Mombasa nzima inapenda siasa. Nenda maskani yoyote baada ya alasiri usikie. Anachotaka kujua ni kama kuna jambo ulilolishuhudia likakukosesha jibu, na kukosa jibu kukakusumbua. Kwa hivyo anza na swali. Liwe la mahali unapopajua, na liwe na "kwa nini" au "nani" ndani yake.

Mji huu umejaa maswali hayo. Simama Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi uangalie umati unavyoteremka mteremko kuingia feri. Anayetembea kwa miguu halipi, gari linalipa. Sasa fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 usome kazi za kaunti: feri zimo. Lakini feri ya Likoni inaendeshwa na shirika la serikali kuu. Kwa nini? Wazee wa upande wetu wanaikumbuka 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa. Nani huwajibika chombo kinapozama? Hilo ni swali la siasa, tena la kusomewa miaka minne.

Au tazama nyumba. Majengo na Kisauni kuna familia zilizojenga nyumba za Kiswahili miaka mingi iliyopita, nyumba ni yao, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine na wanamlipa kodi ya ardhi. Ukifuatilia, utajikuta umerudi hadi sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowataka wenye ardhi wa Pwani waje wadai hati zao. Walioijua njia ya ofisi walipata, wengi hawakupata. Au bandari: mwaka 2019 serikali ilipoagiza makontena yanayokwenda bara yasafirishwe kwa SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, watu wa malori na maegesho ya makontena waliandamana mitaani hapa. Ikiwa babako au mjomba wako alikuwa dereva wa lori, una jambo la kusema ambalo kijana wa kwingine hana.

Na kama nyumbani kuna mzee wa miaka themanini na zaidi, muulize habari za Mwambao, yale madai ya ukanda wa Pwani kujitawala kabla ya uhuru. Muulize ilikuwaje ukanda wa maili kumi kuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, ilikuwaje 1961 alipokuja mjumbe wa Uingereza, Robertson, kuwauliza watu wanataka nini, na Oktoba 1963 ukanda ukaingizwa Kenya kwa makubaliano. Usitafute nani alikuwa sahihi. Sikiliza mzee anavyosema "sisi", kisha jiulize hao "sisi" ni nani na wako wapi leo.

Msichana mmoja aliyenijia mwaka jana nilimwuliza, "Mwanangu, kitu gani kwenu kinakuudhi kila siku?" Hakufikiri hata sekunde. "Maji, Mwalimu." Nikamwuliza kwa nini hajaandika habari ya maji. Akasema, "Si ni siasa tu naomba?" Tulianzia hapo, na nitarudi kwake.

Hatua ya tatu: tenganisha siasa na wanasiasa

Vijana wengi huandika kwamba wanataka shahada hii ili wawe wabunge au magavana. Kutamani uongozi si kosa, lakini kama sababu ni dhaifu. Sheria yetu ya uchaguzi inamtaka gavana awe na shahada, na haisemi shahada ya nini. Mhandisi anaweza, daktari anaweza. Anayekusoma analijua hilo, na atauliza: kwa nini basi siasa?

Soma uelewe somo lenyewe lina nini. Kuna nadharia ya siasa, yaani maswali ya haki, uhuru na nani ana haki ya kutawala. Kuna kulinganisha serikali za nchi mbalimbali. Kuna uhusiano wa kimataifa, kuna utawala wa umma. Kuna pia mbinu za utafiti, na humo mna takwimu. Kama uliichukia hisabati, litambue hilo mapema, usije ukashtuka mwaka wa pili. Kisha linganisha na swali lako: linaangukia wapi kati ya hayo? Ukilijua, una sentensi tayari.

Hatua ya nne: lifanyie swali kazi kabla ya kuandika

Ari isiyofanya kitu haionekani. Huhitaji cheti wala nafasi ya kazi. Unahitaji wiki tatu na nauli ya matatu.

Yule msichana wa maji anaishi Likoni. Nilimpa kazi ya kwanza: fuata bomba. Maji yanatoka wapi? Alirudi ameandika kwenye daftari kwamba Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji ndani ya mipaka yake. Yanatoka Mzima, kaunti ya Taita Taveta. Baricho, kaunti ya Kilifi. Marere na Tiwi, kaunti ya Kwale. Wakala wa serikali kuu huyaleta kwa jumla, kampuni ya kaunti huyanunua na kuyasambaza. Hakuwa amelijua hilo, na alikuwa amebeba mitungi tangu darasa la nne.

Kazi ya pili: soma Katiba yenyewe, si mukhtasari wake wa mitihani. Akasoma Sura ya Kumi na Moja ya ugatuzi na lile Jedwali la Nne, akakuta huduma za maji na usafi zimepewa kaunti. Akasoma pia kifungu cha 196, kinacholitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi na kumshirikisha mwananchi. Kwa hivyo akaenda kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Alikuwa mdogo kuliko wote mle ndani. Aliniambia kilichomshangaza ni kwamba kina mama walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema maji, na aliyekuwa akiandika kumbukumbu akaandika "miundombinu".

Neno hilo moja lilimfungua macho kuliko sura nzima ya kitabu changu.

Kazi ya tatu ilikuwa kuandika ombi la kupewa habari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki hiyo, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Aliandika kwa ofisi moja akiomba ratiba ya mgao wa maji wa mtaa wao. Siku 21 zikapita kimya. Alikuja amekata tamaa, akadhani kazi imeharibika. Nilimwambia aweke tarehe ya barua na tarehe ya siku ya 21, kwa sababu kutojibiwa nako ni matokeo ya utafiti. Sheria imeandikwa, haki ipo, na jibu halikuja. Mtu wa sayansi ya siasa hulala na kuamka na pengo hilo.

Wewe fanya ya kwako. Kama swali lako ni ardhi, ulizia kodi ya ardhi hulipwa vipi na risiti inasemaje. Kama ni bandari, zungumza na watu watatu wanaofanya kazi tatu tofauti. Andika kwenye daftari, na tarehe. Usirekodi mtu kwa siri.

Hatua ya tano: iseme kwa Kiswahili kwanza

Barua yenyewe huenda ukatakiwa uiwasilishe kwa Kiingereza. Hata hivyo usianze nacho. Vijana wetu wakishika Kiingereza cha barua hugeuka watu wengine. Wanaanza kutembea na maneno makubwa yasiyo yao. Washa kinasa sauti cha simu, jifanye unamweleza binamu yako aliyetoka Malindi kwa nini unataka kusoma haya mambo. Sema dakika tano bila kusimama. Kisha sikiliza, uandike yale tu ambayo yalikutoka kwa urahisi. Ukishapata mwili wa hoja kwa Kiswahili, utauvika lugha yoyote unayoombwa.

Hatua ya sita: andika ufunguzi

Hivi ndivyo alivyoanza mara ya kwanza:

"Nimekuwa nikivutiwa na siasa tangu nikiwa mdogo. Ninaamini vijana ni viongozi wa leo na kesho, na ningependa kupata maarifa ya kuleta maendeleo katika kaunti yangu na nchi kwa jumla."

Na hivi ndivyo ilivyokuwa baada ya wiki tatu:

"Nyumbani kwetu Likoni mfereji hutoa maji usiku, mara nyingi siku moja kwa wiki, na mimi ndiye niliyekuwa nikiamka kujaza mapipa. Siku nyingine tulinunua kwa mwenye mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 30. Maji yetu hutoka kaunti ya Kwale, hufikishwa na wakala wa serikali kuu, na huuzwa na kampuni ya kaunti ya Mombasa. Katiba inasema huduma ya maji ni kazi ya kaunti. Niliposoma hivyo nilijiuliza: kazi ikiwa ya mmoja, chanzo kikiwa kwa mwingine, na bomba likiwa la wa tatu, mwananchi amwajibishe nani kwa kura yake?"

Tazama alichofanya. Hakusema anapenda siasa hata mara moja. Kila sentensi ina kitu unachoweza kukigusa: mapipa, mkokoteni, shilingi 30. Halafu swali la mwisho linapanda juu ya Likoni na kuwa swali la nchi yoyote yenye serikali za ngazi mbili. Hapo ndipo msomaji wa chuo anapokaa vizuri kwenye kiti.

Baada ya ufunguzi, eleza ulichofanya kulitafuta jibu, ulichokuta, na kilichobaki kigumu. Kisha somo gani chuoni linakigusa hicho kigumu. Matarajio yako ya baadaye yatoshe sentensi mbili. Sifa za uongozi shuleni, kama ulikuwa kiranja au katibu wa chama cha mdahalo, ziweke tu pale zinapohusiana na swali. Vinginevyo zina mahali pake kwenye fomu.

Hatua ya saba: zungumza na nyumbani

Hii haimo kwenye maagizo ya chuo, lakini nimeona barua nzuri zikifia sebuleni. Mzazi anasema, "Siasa mchezo mchafu, somea kitu cha kukulisha." Usimjibu kwa hasira, ana sababu zake. Ameona kampeni, ameona vijana wakitumiwa na kutupwa. Mweleze kwamba hujaomba kugombea, umeomba kusoma, na kwamba waliosoma haya huajiriwa katika utumishi wa umma, mashirika ya kijamii, vyombo vya habari, ubalozi, utafiti na ualimu. Usimwahidi kazi. Mwambie ukweli kwamba itakubidi uongeze ujuzi mwingine, kama takwimu au lugha.

Kisha mtajie Ali Mazrui, msomi wa siasa. Alizaliwa Mombasa 1933. Mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari alipata daraja la tatu, na Makerere haikumchukua. Akafanya kazi ya ukarani katika MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baadaye alipata udhamini wa kwenda Uingereza. Akahitimu Manchester 1960, Columbia ya Marekani 1961, na udaktari wake Oxford 1966. Akawa profesa wa siasa katika Makerere ile ile iliyomkataa. Alipofariki Marekani 2014 alirudishwa kuzikwa hapa hapa Mombasa. Huwa nawaambia wazazi kisa hiki polepole, hasa wale ambao mtoto wao amepata C+ na wanamwona ameshindwa.

Na mzazi akisema siasa si utamaduni wetu, mkumbushe mshairi Muyaka bin Haji. Mombasa ilipokuwa ikivutwa kati ya watawala wa ukoo wa Mazrui na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, hadi ilipotwaliwa 1837, mashairi ya Muyaka ndiyo yaliyokuwa yakijibizana na wakubwa. Mji huu umefikiri siasa kwa tungo kabla hakujakuwa na chuo kikuu chochote Afrika Mashariki.

Hatua ya nane: mtu mzima aisikie

Mwalimu atakusahihishia lugha. Lakini tafuta pia mtu ambaye barua inamhusu, umsomee kwa sauti, kwa Kiswahili.

Yule msichana ana bibi yake Tiwi. Alimsomea Ijumaa jioni, wamekaa nje, bibi akisuka ukili. Alipofika pale pa "maji yetu hutoka kaunti ya Kwale," bibi aliacha mikono ikatulia. "Mjukuu wangu, yenu vipi? Visima viko huku kwetu, na mimi nachota kwa ndoo kwa jirani. Mbona sisi hukututaja?"

Alinipigia simu usiku ule ule. Barua ilikuwa imekwisha, herufi zimeshahesabiwa. Nilimwambia afute aya yote ya mwisho, iliyokuwa ya matarajio, apate nafasi. Akaandika kwamba alilolianza kama swali la nani awajibike kwa mfereji mkavu wa Likoni limegeuka kuwa gumu zaidi: kaunti zenye vyanzo zimekuwa zikidai sehemu ya mapato ya maji, na bibi yake anaishi kando ya kisima bila mfereji. Akaandika kwamba hajui ugawaji wa haki hapo ungekuwaje, na kwamba angependa kusoma nadharia na sheria za kumsaidia kulifikiria hilo bila kuupendelea upande wa kwao. Lile "yetu" akalifuta, akaandika "yanayofika kwetu".

Kabla ya kutuma

Hesabu herufi, si maneno, kama ndivyo walivyotaka. Usimpe mtu akuandikie, wala programu ya kompyuta ikutungie. UCAS ina mfumo wa kulinganisha barua na kugundua zilizofanana, na kwenye usaili utaulizwa juu ya kila sentensi uliyoitia sahihi. Majina ya majirani uliozungumza nao yatoe. Majina ya wanasiasa pia, isipokuwa hoja haisimami bila jina, maana hujui anayesoma ni wa upande gani, na si kazi ya barua hii kumpigia mtu debe.

Tarehe ya mwisho ikiwa Ijumaa, tuma Jumatatu iliyotangulia. Stima hukatika, saiba hufungwa mapema Ijumaa, na tovuti huelemewa saa za mwisho. Baki na nakala moja ya karatasi, pamoja na lile daftari lenye tarehe. Yule msichana la kwake ameliacha kwa bibi yake Tiwi, na bibi ameanza kumwambia jirani amwandikie humo siku ambazo maji ya kisima hupungua.